ELIMU YA URAIA: NI MAHAKAMA IPI HUILINDA KATIBA?

Watu wa Tanga na wenzao wa Pemba, ambao hutenganishwa na mkondo mmoja tu wa bahari, wamezoea kuambiwa kuwa Katiba ni sheria mama. Lisiloelezwa mara nyingi ni mtu aende wapi pindi sheria nyingine inapokwenda kinyume na mama huyo.

Wengi hupotezwa na jina la Mahakama Maalum ya Katiba, iliyotajwa katika Ibara ya 125 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Kazi yake ni moja: kusuluhisha iwapo Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinabishania tafsiri ya Katiba. Kila Serikali huteua nusu ya wajumbe, na hakuna uamuzi mpaka theluthi mbili ya kila upande wakubali. Masharti hayo ni mazito, na Mahakama hiyo haijapata kukaa. Raia, awe mvuvi wa Moa au mwalimu wa Wete, hana njia ya kuingia humo.

Mlango wa raia ni Ibara ya 30(3), nao unaelekea Mahakama Kuu. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Kwa haki zilizomo katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, mdai huenda Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Mlango huo uliwahi kutiwa bei. Julius Ishengoma Francis Ndyanabo alitaka kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000 katika jimbo la Nkenge, mkoani Kagera. Sheria ya Uchaguzi ilimtaka aweke kwanza dhamana ya shilingi milioni 5, ama sivyo shauri lisipangiwe tarehe. Kibarua wa mkonge wa Muheza angezitoa wapi? Mahakama Kuu haikuona kasoro. Ndyanabo akakata rufani, na Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikalibatilisha sharti hilo kwa kuwa linakiuka Ibara ya 13 juu ya usawa mbele ya sheria. Baadaye Bunge lilikiandika upya kifungu, likamruhusu asiye na uwezo kuomba apunguziwe dhamana.

Mkazi wa Tanga anayedai haki yake imevunjwa hufuata Sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi. Shauri huamuliwa na majaji watatu. Mahakama yaweza kuibatilisha sheria, au kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Mwaka 2020 liliongezwa sharti kwamba mdai aambatishe hati ya kiapo inayoonyesha jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Chini ya sharti hilo, pasipo kiapo hicho shauri halikupokelewa.