Burudani Iliyokuwa na Mwisho

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya mtoto. Mwezi huu twazungumza juu ya burudani. Wazee hupenda kusema kwamba burudani ya zamani ilikuwa bora, na vijana hucheka. Sisi twaona wazee wana hoja, na hoja hiyo yahusu afya.

Wengi wenu mwakumbuka mchezo wa redio "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na ulisikika mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, aliishia kuugua UKIMWI. Kati ya sehemu moja na nyingine watu walikaa siku kadhaa wakibishana kisimani na shambani: je, mkewe Tunu amwache au amvumilie? Dodoma mchezo huo haukurushwa hadi mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Waligundua kwamba wasikilizaji walizungumza mambo hayo wao kwa wao, na wengine walipunguza idadi ya wapenzi. Kungoja kule kuliwapa watu nafasi ya kufikiri.

Tusidanganyane lakini. Zamani hizo kulikuwa na moshi wa koroboi uliochoma macho, na katika nyumba nyingi redio ilikuwa ya baba, mama akisikiliza kwa mbali jikoni. Hatutaki kurudi huko. Tunachokumbuka ni kwamba burudani ilikuwa na mwisho. Mchezo uliisha, betri zikaanikwa juani, jua likazama bao likafungwa, na watu wakalala.

Video fupi za simu hazina mwisho. Moja ikiisha, nyingine yaja yenyewe. Mtu anayesema "nitatazama moja tu" hashindwi kwa sababu ni mvivu au hana adabu. Kitu chenyewe kimetengenezwa ili asiache. Mtoto wa miaka saba atajizuiaje, ikiwa baba yake hawezi?

Hasara ya kwanza ni usingizi. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga wa simu karibu na macho huichelewesha homoni hiyo, nayo akili iliyochangamshwa haitulii upesi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akiamshwa saa 11 alfajiri kwenda shule, yampasa awe amelala saa 2 usiku. Hesabuni wenyewe watoto wangapi mnaowajua hulala saa hiyo. Asiyelala vizuri husinzia darasani, hukasirika ovyo na husahau alichofundishwa, kisha twamwita mzito wa kichwa.

Macho nayo huchoka kwa kutazama karibu muda mrefu. Kucheza nje mchana kwenye mwanga wa jua husaidia kuwakinga watoto wasipate tatizo la kutoona mbali.

Kwa walio wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asitazamishwe kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Twajua mama mwenye kazi nyingi humpa mtoto simu ili apate kusonga ugali kwa amani. Hatumlaumu, lakini sufuria kuukuu na kijiko hufanya kazi hiyohiyo, ingawa kwa kelele.

Nyumbani jaribuni hivi: saa moja kabla ya kulala, simu zote, za wazazi zikiwa za kwanza, ziwekwe sebuleni zichajiwe hapo, zisiingie chumbani. Siku tatu za mwanzo zitakuwa na manung'uniko. Jazeni saa hiyo kwa hadithi, mmoja akisimulia na kukatiza pale panaponoga, amalizie kesho.

Na jioni kabla giza halijaingia, kama hamna bao la mti, chimbeni uani mashimo 32, safu nne za mashimo manane, mkusanye komwe 64. Jirani mzee atawafundisha. Hatua ya kunamua peke yake itawachukua watoto jioni kadhaa kuielewa.