Kutambua Rangi za Kikemia kwa Kromatografia ya Tabaka Jembamba

Mnunuzi wa pilipili ya unga huitazama rangi kabla ya kuuliza bei. Wekundu mkali humwambia kwamba pilipili iliiva vizuri na haikukaa ghalani muda mrefu, kwa maana rangi ya asili ya pilipili hupauka kwa mwanga na hewa. Desturi hiyo ya kuyaamini macho ndiyo iliyowapa wadanganyifu nafasi. Pilipili iliyopauka ikichanganywa na rangi kidogo ya kiwandani hurudia wekundu wake, na jicho la mnunuzi haliwezi kujua kilichotendeka.

Mwezi Mei 2003, Ufaransa iliarifu nchi za Ulaya kwamba rangi iitwayo Sudan I ilikuwa imekutwa katika bidhaa za pilipili zilizotoka India. Mwezi Juni mwaka huohuo Jumuiya ya Ulaya ikaagiza kwamba pilipili iingizwayo iambatane na cheti cha kuthibitisha kuwa haina rangi hiyo. Hata hivyo, mwezi Februari 2005 ilibainika nchini Uingereza kwamba unga wa pilipili wenye Sudan I ulikuwa umetumika kutengeneza sosi ya Worcester, na sosi hiyo ikawa imetiwa katika vyakula vingine vingi. Zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana nayo ilitangaza kukuta Sudan IV katika mawese yaliyokuwa yakiuzwa sokoni.

Mkemia hutenganishaje wekundu wa pilipili na wekundu wa kiwandani, ilhali vyote viwili vimeyeyuka katika mafuta yaleyale? Zipo njia nyingi, lakini iliyo rahisi, yenye gharama ndogo na inayofaa kufundishwa ni kromatografia ya tabaka jembamba.

RANGI ZENYEWE

Rangi za kikemia zilianza kuenea baada ya mwaka 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alipojaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria na badala yake akapata rangi ya zambarau. Miongoni mwa rangi zilizofuata, kundi kubwa kupita yote ni la rangi za azo. Katika molekuli ya kila rangi ya kundi hili zimo atomu mbili za naitrojeni zilizoungana kwa kifungo maradufu.

Sudan I, yenye rangi ya machungwa iliyokolea, ina kifungo kimoja cha namna hiyo. Sudan III na Sudan IV, zilizo nyekundu zaidi, zina viwili. Zote haziyeyuki katika maji bali katika mafuta. Kwa hiyo matumizi yake halali ni kutia rangi nta, mafuta ya mitambo na dawa ya viatu. Majaribio yalionyesha kwamba Sudan I husababisha vivimbe katika ini la wanyama. Kwa upande wa binadamu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 3, yaani ushahidi uliopo hautoshi kuiainisha. Sheria za nchi nyingi hazikungoja ushahidi huo ukamilike. Rangi hizi haziruhusiwi katika chakula.

ASILI YA NJIA HII

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw, alipitisha myeyusho uliotokana na majani katika mrija wa kioo uliojazwa unga wa chaki. Rangi za majani zilishuka kwa mwendo usiolingana, zikajipanga matabaka ya kijani na ya manjano. Jina alilolitoa, kromatografia, limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Mwaka 1938 Izmailov na Shraiber, mjini Kharkov, waliuacha mrija wakatandaza unga juu ya kipande cha kioo. Katika miaka ya 1950 Egon Stahl wa Ujerumani aliweka kanuni za unene wa tabaka na ukubwa wa chembe za unga, na tangu hapo njia hii ikaenea katika maabara duniani kote.

JINSI RANGI ZINAVYOTENGANA

Mtu aliyewahi kutazama mafuta ya taa yakipanda katika utambi anaifahamu nusu ya kanuni. Bamba la kioo au la alumini hupakwa unga mweupe wa jeli ya silika wenye unene wa takriban robo milimita. Ukingo wa chini ukichovywa katika kiyeyushi, kiyeyushi hupanda kati ya chembe za unga kama kipandavyo katika utambi, nacho huzichukua rangi zilizowekwa njiani.

Nusu ya pili ni mvutano. Uso wa silika hushika kwa nguvu molekuli zenye sehemu za umeme chanya na hasi, na huzishika kwa ulegevu zisizo nazo. Kila molekuli ya rangi, basi, huwa katika mabishano: silika inaizuia, kiyeyushi kinaichukua. Ipendayo silika hubaki chini; ipendayo kiyeyushi hufika juu. Karotini ya mawese, kwa mfano, imeundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake, nayo hukimbia karibu na ukomo wa kiyeyushi. Sudan IV, iliyo na naitrojeni na oksijeni, huchelewa nyuma yake.

HATUA ZA KAZI

1. Gramu moja ya pilipili hutikiswa katika mililita 10 za asetoni, kisha huchujwa. Rangi za pilipili na rangi za Sudan, kama zimo, hupita pamoja katika myeyusho.

2. Mstari wa mwanzo huchorwa sentimita 1.5 kutoka ukingo wa chini wa bamba. Mstari huo uchorwe kwa penseli. Wino wa kalamu nao ni mchanganyiko wa rangi, na ukitumiwa utapanda pamoja na sampuli.

3. Kwa mrija mwembamba wa kioo hutiwa matone madogo juu ya mstari: moja la sampuli, moja la pilipili ijulikanayo kuwa safi, na moja la kila rangi ya Sudan iliyo halisi. Doa lisizidi milimita 3. Likiwa kubwa au zito mno, rangi itaburura mkia na kufunika majirani zake.

4. Kiyeyushi, kwa mfano toluini, hutiwa katika gudulia lenye kifuniko hadi kina cha nusu sentimita. Kisifikie mstari wa mwanzo. Kikiufikia, madoa yatayeyukia chini badala ya kupanda. Gudulia lifunikwe kwa muda ili mvuke ulijaze, ndipo bamba lisimamishwe ndani.

5. Kiyeyushi kikikaribia juu, bamba hutolewa na ukomo wake hutiwa alama mara moja kabla haujakauka. Madoa nayo huzungushiwa penseli bila kuchelewa, kwa maana rangi za asili huanza kufifia juu ya silika.

Vitabu vya zamani hutaja benzini badala ya toluini. Benzini husababisha saratani ya damu na haifai kutumika katika mafunzo. Toluini yenyewe itumiwe ndani ya kabati lenye kufyonza hewa, mbali na moto.

KUSOMA BAMBA

Mwendo wa kila doa huandikwa kwa uwiano uitwao Rf: umbali uliopitwa na doa, ukigawanywa kwa umbali uliopitwa na kiyeyushi, vyote vikipimwa kutoka mstari wa mwanzo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kiyeyushi kimepanda sentimita 9.0 na doa la Sudan I limepanda sentimita 6.3. Rf yake ni 6.3 ÷ 9.0, yaani 0.70. Sampuli ya pilipili imetoa madoa kwenye sentimita 2.7, 4.5 na 6.3, Rf zake ni 0.30, 0.50 na 0.70. Pilipili safi imetoa mawili ya kwanza tu. Doa la tatu linatia shaka.

Ni vema kukumbuka kwamba Rf si namba ya kudumu. Hubadilika kwa joto, unyevu wa hewa na aina ya bamba. Ndiyo sababu rangi halisi ya kulinganishia hupandishwa katika bamba lilelile, na haitoshi kusoma Rf katika kitabu.

HUKUMU NA MIPAKA YAKE

Hapa ndipo mwanafunzi anapotakiwa kuwa mwangalifu kuliko popote. Madoa mawili yakipanda umbali tofauti katika bamba moja, hayo si rangi moja, na jambo limekwisha. Lakini yakipanda umbali sawa, haijathibitika kuwa ni rangi moja. Rangi mbili zisizo na undugu zaweza kwenda sambamba katika kiyeyushi kimoja, kama wasafiri wawili wasiojuana wanavyoweza kushuka kituo kimoja.

Kwa hiyo mkemia hurudia jaribio kwa kiyeyushi cha aina nyingine. Kadhalika hutia tone la sampuli na tone la rangi halisi mahali pamoja: doa likigawanyika, rangi ni mbili, likibaki moja, shaka inazidi nguvu. Uthibitisho wa mwisho hutolewa na vyombo vinavyopima uzito wa molekuli yenyewe.

Upande wa pili nao una tahadhari yake. Doa lisiloonekana halimaanishi kwamba rangi haimo. Huenda imo kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho. Ripoti ya haki huandika kwamba rangi haikuonekana kwa njia hii, haiandiki kwamba chakula ni safi.

Uangalifu huu si wa vitabuni tu. Mkemia akiharakisha kusema ndiyo, mfanyabiashara asiye na hatia hupoteza mali na jina. Akiharakisha kusema hapana, familia zitaendelea kula kilichokusudiwa kung'arisha viatu. Bamba la kioo ni shahidi mwema, mradi aulizwe tu lile aliloliona.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiyeyushi kimepanda sentimita 8.0 na doa sentimita 3.6. Tafuta Rf.

2. Doa la sampuli limelingana na la Sudan IV katika toluini, lakini yametofautiana katika kiyeyushi cha pili. Je, sampuli ina Sudan IV? Eleza.

Majibu: (1) 0.45. (2) Doa hilo si Sudan IV. Tofauti moja iliyo wazi, yote yakiwa yamepandishwa katika bamba moja, yatosha kulikataa.