Kazi Ipo, Lakini Ni Kazi ya Namna Gani?

Somo la vikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Tengeni saa moja na nusu, na msianze kabla akina mama hawajatoka sokoni.

Anzeni na igizo hili fupi. Linahitaji watu wawili tu: mama mchuuzi wa samaki na kijana mvuvi. Wamekutana ufuoni Dunga asubuhi.

MAMA: Mwanangu, mmeamkaje?
KIJANA: Hatujalala, mama. Ndio tunatoka ziwani.
MAMA: Mmepata?
KIJANA: Mbuta wanne, tena wadogo. Tajiri ametoa pesa ya petroli, ametoa ya chai, ametoa ya neti iliyoraruka. Iliyobaki ndiyo tumegawana. Mimi nimeshika shilingi 200.
MAMA: Mia mbili kwa usiku mzima!
KIJANA: Na wewe, mama, hii biashara inakulipa?
MAMA: Mimi huamka saa kumi. Leo napata samaki, kesho napewa mgongo. Lakini serikali ikija kuhesabu watu, nitaandikwa mtu mwenye kazi. Hata wewe.

Simamisheni igizo hapo. Muulizane: hawa wawili wana kazi au hawana? Msikimbilie jibu. Nimefanya somo hili na vikundi kadhaa hapa ufuoni, na kila mara watu hugawanyika. Wazee husema, kijana anayeamka na kuingia ziwani ana kazi, asiye na kazi ni yule anayelala. Vijana wenyewe husema, hii si kazi, ni kujitafutia tu. Mwacheni kila mmoja aseme, halafu msome yanayofuata.

Swali hilo liliwahi kuulizwa na watu wakubwa. Mwaka 1972 serikali ya Kenya ilialika ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) uje uchunguze habari ya ukosefu wa kazi. Waliouongoza walikuwa Hans Singer na Richard Jolly, wataalamu kutoka chuo kikuu cha Sussex, Uingereza. Mtu angedhani watarudi na hesabu ya watu waliokaa bure. Lakini walichoona ni kwamba shida iliyo kubwa zaidi ni ya watu wanaofanya kazi, tena kazi ngumu, kutoka alfajiri hadi usiku, na bado ni maskini. Waliwaona pia mafundi wa mabati, washonaji na wachuuzi waliokuwa wakifukuzwa mjini kila siku, wakaiambia serikali hao si uchafu wa kufagiwa, ni watu wanaozalisha mali, waacheni wafanye kazi. Ripoti hiyo ndiyo iliyofanya jina la “sekta isiyo rasmi” lijulikane duniani kote. Sisi tulikuwa na jina letu zuri zaidi, jua kali. Leo, ukiacha kando wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wanaofanya kazi Kenya wako huko kwenye jua kali.

Kwa hiyo mama na kijana wetu wote wana kazi. Swali linalobaki ni kama hiyo kazi ni nzuri. Kazi nzuri ni nini? Hapa kila kikundi kitaje mambo yake, na katibu aandike. Vikundi vingi huanza na pesa, na ni sawa. Lakini ukingoja kidogo utasikia mengine. Mmoja atasema, kazi ambayo najua kesho ipo. Mwingine, kazi ambayo nikiumia sitatupwa. Msichana mmoja aliwahi kuniambia hivi: kazi ambayo mtu hawezi kuniomba kitu kingine ndipo anipe. Kikundi kilinyamaza. Tutarudi kwa maneno ya huyo msichana.

Msidhani ni sisi tu tunaobishana. Huko Ulaya ambako vijana wetu wanatamani kwenda, mabishano haya hayajaisha mpaka leo. Mwezi wa Machi 2000 viongozi wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Lisbon, Ureno, wakaahidi kwamba kufikia 2010 watu 70 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi watakuwa na kazi, na si kazi nyingi tu bali kazi bora. Mwaka 2010 ukafika na hawakufikia hesabu hiyo. Wengine wao husema, mwacheni mwajiri aandike na afute watu apendavyo, kazi zitaongezeka zenyewe. Wengine husema, kazi isiyomlisha mtu haifai kuhesabiwa. Kule Uingereza kuna mkataba wa saa sifuri: mtu ameandikwa, lakini hajaahidiwa hata saa moja ya kazi, anangoja simu. Jameni, huyo ana tofauti gani na kibarua wetu anayengoja getini asubuhi? Simu tu.

Wadenmark wamejaribu njia ya katikati. Mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila shida nyingi, lakini aliyeachishwa hulipwa riziki kwa muda na kufundishwa kazi nyingine. Ni mpango mzuri, ila unakula ushuru mwingi sana, na tusijidanganye kwamba kaunti yetu itauweza kesho.

La Ujerumani ndilo ningependa tulitazame zaidi, kwa sababu linahusu mafundi. Kule kijana anayejifunza ufundi hugawa wiki yake: siku kadhaa yuko kwa mwajiri akishika chombo, siku nyingine yuko shuleni akijifunza hesabu na nadharia ya kazi ile ile. Huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu, kisha mtihani, na cheti chake kinakubalika nchi nzima. Na wakati huo wote analipwa. Hapa kwetu ni mzazi anayempelekea fundi pesa na jogoo ili mtoto akubaliwe kubeba spana. Halafu mtoto anafagia karakana mwaka mzima. Siwalaumu mafundi, wao pia walifundishwa hivyo, lakini lazima tuseme ukweli.

Sasa nisimulie kidogo. Ulaya hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikila mbuta wetu. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Kisumu, watu wa huku walipata kazi, na waya wangu, yaani shangazi, alikuwa mmoja wao. Kiwanda chake sitakitaja. Alisimama kwenye maji baridi na gambuti na kisu, akilipwa kwa kilo. Alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba vijana wa kiume walikuwa wakimtazama ili wajifunze. Halafu ikaja marufuku. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikataa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya vijidudu, mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia kwa sababu ya kipindupindu, na mwaka 1999 tena, kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Geti likafungwa. Waya hakufutwa kazi, kwa sababu hakuwa ameandikwa. Hakupewa barua wala malipo ya kuaga. Alirudi nyumbani na gambuti zake.

Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, na yeye ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Alianza kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikitolewa, lakini viwanda vikifungwa hata mgongo wazi unapotea, kwa hiyo akahamia omena. Nilikaa nyumbani muhula mzima. Mlango wa Ulaya ulipofunguka tena mwaka 2000, waya alirudi pale getini akasimama na wasichana wa miaka 18. Wakachukuliwa wao. Aliyekuwa akichagua watu alikuwa mgeni, hakumjua, na waya hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ameshika kisu miaka 6. Ujuzi ulikuwa mkononi, na mkono hausomeki getini.

Ndiyo maana nawasumbua sana juu ya vyeti. Hapa Dunga tuna mafundi wa boti ambao ukiwapa mbao watakutengenezea mashua bila kuchora hata mstari. Tuna vijana wanaowatembeza wageni kwenye mafunjo wakitaja kila ndege kwa sauti yake. Tuna wachomeleaji, makanika wa injini, washonaji. Wengi hawana karatasi. Wenzetu wa NCCK, lazima tuwape sifa yao, waliliona jambo hili tangu 1966, wakauliza mtoto akimaliza shule afanye nini, na hapo ndipo vyuo vya ufundi vya vijiji vilipoanza. Siku hizi vyuo hivyo viko chini ya kaunti. Lakini yule aliyejifunza kwa macho chini ya mti, tena ana miaka 35, harudi kukaa darasani na watoto.

Huyo naye ana njia. Kuna mtihani wa ufundi unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na kituo chao kimoja kiko hapa Kisumu. Unaanza na Gredi ya 3, unapanda ya 2, kisha ya 1. Hawakuulizi ulisoma wapi kama wanavyotaka kuona unavyofanya. Pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo (KNQA), iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini. Wengine mtasema cheti hakiliwi. Basi tazameni agizo la serikali la mishahara ya chini: fundi asiye na gredi ana kiwango chake, na wa Gredi ya 3, ya 2 na ya 1 kila mmoja ana kiwango chake, kinapanda. Ni mtu yule yule na nyundo ile ile, ila karatasi inabadilisha kile anachoweza kudai. Na mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya wafanyakazi wenye ujuzi kwenda huko. Ujuzi unaotakiwa ni ule unaoonekana kwenye karatasi. Ajenti akikuambia leta pesa tu, cheti si lazima, mkimbie.

Sasa vibarua, sikilizeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi 3, basi kisheria si kibarua wa siku tena. Anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na akiachishwa lazima apewe notisi ya siku 28. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iandikwe mkataba, na kama mfanyakazi hajui kusoma, mwajiri amweleze kwa lugha anayoielewa. Akitoka, ana haki ya cheti cha utumishi kinachoonyesha alifanya kazi gani na tangu lini. Kumbukeni waya wangu. Waajiri wengine wanaijua sheria hii vizuri kuliko nyinyi, ndiyo maana humpumzisha kibarua siku chache kila mwezi kabla haujatimia. Kwa hiyo andikeni tarehe zenu. Daftari la shilingi 20 limewahi kumsaidia mtu mbele ya afisa wa leba.

Kwenye boti sheria hiyo haifiki vizuri, kwa sababu mvuvi hugawana samaki na mwenye boti, halipwi mshahara, na kila mmoja anasema mwingine si mwajiri. Boti ikizama nani anawajibika? Jaketi ya kujiokoa ni ya nani kununua? Petroli inakatwa kabla ya kugawa, sawa, lakini neti mbovu ni ya nani? Hayo yanaweza kuandikwa katika mapatano ya BMU. Tangu kanuni za 2007 BMU ina wanachama kutoka wenye boti, wavuvi na wachuuzi, si matajiri peke yao. Tatizo ni kwamba siku ya mkutano wavuvi wamelala.

Na akina mama? Yule msichana alikuwa anasema juu ya jaboya, na hapa hakuna haja ya kuficha. Samaki wakipungua, mwanamume mwenye samaki anapata nguvu juu ya mwanamke asiye na boti. Huwezi kumwambia mama “kataa” halafu jioni watoto wakalala njaa. Kule ufuo wa Nduru, katika kaunti yetu hii hii ya Kisumu, kuanzia 2011 wanawake walisaidiwa kupata boti zao wenyewe, wakaandika wanaume kuvua, na bei ikawa ya pesa tu. Mambo hayakuwa rahisi, boti za mbao huoza, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika watu wa kijiji walihama. Lakini kwa miaka hiyo waliokuwa na boti hawakuombwa kitu.

Kazi ya nyumbani kwa kila kikundi. Kwa siku 14 wavuvi watatu waandike kila asubuhi: samaki waliouzwa ni shilingi ngapi, nini kilikatwa, na wao walishika ngapi. Akina mama watatu waandike bei waliyonunulia na waliyouzia. Mafundi walete majina ya wote wasio na gredi, na kila mmoja aseme anaogopa nini katika huo mtihani, hata kama ni kusoma. Mtu asiandike jina la tajiri wake. Tutakutana kwenye ukumbi wa parokia, tutaweka madaftari mezani, na wenye boti nao wamealikwa.