Jarida la Wanafunzi: Somo la "Cheche"

Mwanafunzi akiulizwa jarida la utafiti ni nini, huenda akajibu kuwa ni gazeti. Sivyo. Gazeti hutuambia lililotokea jana. Jarida la utafiti huuliza swali, hukusanya hesabu, hutoa jawabu, kisha humwachia msomaji nafasi ya kulipinga. Wala si lazima litolewe na maprofesa.

Novemba 1969 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walianza kutoa jarida lao, wakaliita Cheche. Waliliandika na kulihariri wenyewe. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu.

Septemba 1970 toleo zima lilikuwa makala moja ya Issa Shivji, aliyesoma sheria chuoni hapo. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetia mabenki na viwanda vikubwa mikononi mwa umma. Shivji hakuishia kushangilia. Aliuliza: mali hii ikiwa yetu, ni nani aiendeshaye? Akatazama hisa na mikataba ya uendeshaji, akaona kuwa makampuni ya kigeni yalikuwa bado na sauti kubwa ndani yake.

Miezi miwili baadaye serikali ililipiga marufuku Cheche. Ilisemwa kuwa jina hilo limeazimwa kwa Warusi, maana gazeti la Lenin la zamani liliitwa hivyo hivyo, hali Tanzania ina siasa yake. Lakini mwaka 1971 jarida jingine, Maji Maji, lilianza pale pale chuoni. Na makala ya Shivji ikatolewa kitabu mwaka 1973, pamoja na hoja za waliomjibu. Swali lililoulizwa kwa hesabu halifi upesi.

Je, sisi wa Buzebazeba tutapata faida gani? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kila mama ana maneno yake juu ya bei ya dagaa siku zile, lakini mwanafunzi gani aliziandika? Kama mmoja wetu angalikwenda Kibirizi kila Jumamosi na daftari, leo tungalijua bei ilipanda lini, na faida ilimfikia nani: mvuvi au mchuuzi.

Basi natoa shauri. Shule yetu ianzishe jarida la biashara, hata kurasa nne tu. Kila makala iwe na swali moja, na kila bei iandikwe tarehe yake na mahali pake. Kabla ya kuchapwa isomwe na wanafunzi wawili wasio rafiki za mwandishi, wapate kuonyesha makosa bila haya. Walimu watuongoze, na wazazi wenye biashara, tukija na maswali yetu, wasidhani tunawapeleleza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.