SOMO LA MITAMBO: INJINI IKICHEMKA, USIKIMBILIE REJETA MPYA



Wenye trekta na pikapu katika mashamba ya makazi wana kilio kimoja. Injini ilichemka, fundi akasema rejeta imekufa, mpya ikanunuliwa, na kabla ya mavuno kwisha inavuja, au injini yachemka vilevile. Maziwa yameharibika njiani na fedha zimekwisha. Basi yafaa tujifunze kutafuta ugonjwa wenyewe kabla ya kununua dawa.

Kwanza, hatari. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Izime, ungoje mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyochemka, kwa maana hedi yaweza kupasuka, na bei ya hedi si bei ya rejeta.

Anza na kifuniko. Watu hukidharau kwa udogo wake. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Kinangop, penye kimo cha mita 2,500 hivi, huchemka kwa digrii 92 tu. Kifuniko kizuri huyabana maji ndani yasichemke upesi. Chenye alama ya 0.9 huyawezesha kupita digrii 110 bila kuchemka, hata huko juu. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, maji hutoka kidogo kidogo kwa mvuke, na rejeta isiyo na kosa husingiziwa. Nunua chenye nambari ileile iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Kisha jiulize: huchemka wakati gani? Ikichemka ukienda polepole mlimani, au gari likisimama huku injini inanguruma, shaka iko kwenye upepo. Tazama feni na mkanda wake. Ukiubonyeza mkanda kwa kidole gumba ukazama sana, umelegea. Katika trekta, tazama pia makapi ya ngano na nyasi zilizojaa usoni mwa rejeta. Zioshe kwa maji yanayotoka upande wa feni kwenda nje, yasiwe na nguvu ya kukunja mabati yale membamba. Trekta nyingi zinazoitwa mbovu zina makapi tu.

Ikichemka wakati wa kazi nzito au mwendo wa kasi, huenda maji hayazunguki vizuri. Mpira wa juu ukiwa moto sana na wa chini baridi, vijibomba vya rejeta huenda vimeziba, au pampu imechoka. Lakini mshale wa joto ukipanda na mpira wa juu ungali baridi, mara nyingi thamostati imekwama. Itoe, uifunge kwa uzi, uitumbukize katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ikiwa imeandikwa 82, yapasa ianze kufunguka karibu na digrii hizo. Mafundi wengine huitupa kabisa. Sikubaliani nao: injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuchakaa upesi.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakizidi kutoka mdomoni mwa rejeta mara injini inapowashwa ikiwa baridi, gasketi ya hedi huenda imekatika. Hapo rejeta kumi hazitakusaidia.

Tuseme umepima yote, na kosa ni la rejeta kweli. Ikiwa ya zamani ni ya shaba, muulize kwanza fundi wa kulehemu kama yaweza kuzibuliwa au kutiwa moyo mpya. Ukilazimika kununua, nenda dukani na ile ya zamani, uziweke bega kwa bega. Rejeta ya shaba yenye safu tatu za vijibomba haifai kubadilishwa kwa ya shaba yenye safu mbili. Tazama kama yale mabati membamba yamekaribiana kama ya kwanza, na kama midomo ya mipira na matundu ya boliti yanalingana. Zile za alumini zenye vichwa vya plastiki hubanwa kwa meno ya bati juu ya mpira. Meno yakiwa hayako sawa, ndipo zitakapovujia. Muuzaji akikataa ijazwe upepo na kuzamishwa majini mbele yako, au akikataa kuandika risiti, mwache na mali yake.

Kabla ya kuifunga, osha injini ndani mpaka maji yatoke meupe, ama sivyo kutu ya zamani itaiziba mpya kabla ya mvua zijazo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvi, nayo huganda ndani kama ukoko wa birika. Tumia maji ya mvua pamoja na dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Kisha, kwa juma zima, pima maji kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Yakipungua, irudishe dukani pamoja na risiti yako.