Dondoo muhimu: Tochi ya LED ya safari

Wengi wanaopanda Kilimanjaro huanza kukitafuta kilele cha Uhuru, mita 5,895, karibu saa sita usiku. Baridi ya huko hudhoofisha haraka betri za alkalini. Za lithiamu huvumilia zaidi. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) nyingi zisimbabaishe mnunuzi. Kambini 100 zinatosha. Zaidi ya hapo ni kumaliza betri na kumkera jirani wa hema. Umbali unaoandikwa kwenye boksi kwa kipimo cha ANSI FL1 huishia pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi. Mti utaonekana, nyoka, labda.

Kwa kinga ya maji, tochi ya IPX4 huhimili manyunyu, ya IPX7 huhimili kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Kabla ya kulipa, swichi ijaribiwe kwa mkono wenye glavu.