Gari usiku, tochi mkononi

SWALI: Nina Noah hapa Geita. Nikiipiga picha usiku kwa flashi, kibao cha namba kinawaka na bodi inabaki giza. Nifanyeje?

JIBU: Zima flashi. Kibao cha namba kimetengenezwa kurudisha mwanga, ndiyo maana kinawaka peke yake. Futa gari kwanza, kwani vumbi la kiangazi litaonekana kuliko rangi. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu: ISO 100, f/8, shata sekunde 30, na kichelewesho cha sekunde 2 ili isitikisike.

Vaa nguo nyeusi. Shata ikifunguka, zunguka gari ukipitisha tochi juu ya bodi bila kusimama, na usiielekeze kwenye lenzi. Mulika kutoka ubavuni: mwanga wa ubavuni huchora mikunjo ya milango na boneti, wa mbele huifuta. Picha ikiwa na madoa meupe, ongeza mwendo. Ikiwa nyeusi, rudia polepole.

Miamba ya Usukuma ni mandhari nzuri ya nyuma. Ila egesha mbali na barabara ya malori, na usipige picha kwenye geti la mgodi bila ruhusa.